Runinga Iseme, na Picha Pia Isimuliwe

Msikilizaji, chukua rimoti ya Fire TV, bonyeza kwa pamoja kitufe cha kurudi nyuma na kile cha menyu, ushikilie kwa sekunde mbili. Kifaa kinaanza kusema. Kwenye Roku unagonga kitufe cha nyota mara nne harakaharaka. Kwenye Apple TV, kitufe cha kurudi mara tatu. Anayeona hana haja hata ya kuyajua haya. Asiyeona akiyajua, anajiwashia runinga mwenyewe, hamsubiri mtoto arudi kutoka shule.

Nazungumzia visanduku vidogo vinavyochomekwa kwenye televisheni kuleta filamu kwa intaneti. Ndani yake mna kisoma skrini, programu inayotaja kila unachofikia: jina la filamu, urefu wake, kitufe cha kuicheza. Tusidhani ni huruma ya makampuni peke yake. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria ya mawasiliano iliyotaka, pamoja na mengine, menyu za vifaa vya video ziweze kutumiwa na wasioona.

Ila kisoma skrini husoma kile tu kilichoandikwa. Mtengenezaji wa programu akisahau kukipa kitufe jina, kazi yako ni kusikiliza "kitufe, kitufe, kitufe" na kubahatisha. Halafu lije suala la neno la siri! Herufi zimetandazwa kwenye skrini, unasogea kwa mshale, na kila unayoifikia inatajwa kwa sauti. Unaitafuta "s" ukitokea "a", na mgeni wako kochini anasikia siri yote, herufi baada ya herufi. Siri gani hiyo?

Haya, filamu imeanza. Kisoma skrini sasa kimya, maana picha hakiioni. Mlango unalia, mtu anahema, muziki unapanda. Nani kaingia? Hapo panatakiwa maelezo ya sauti, yaani msimulizi anayejipenyeza kati ya mazungumzo na kusema kinachoonekana. Aprili 2015 Netflix ilitoa Daredevil, tamthilia ambayo shujaa wake ni wakili asiyeona, na ikaitoa bila maelezo hayo. Wasioona wakapiga kelele. Baada ya siku chache yakawekwa.

Kwetu je? Sheria ya watu wenye ulemavu ya Kenya ya mwaka 2003 iliagiza televisheni ziweke lugha ya alama au maandishi kwenye taarifa ya habari. Vizuri sana kwa viziwi. Lakini kiongozi wa nje akihojiwa na tafsiri ikapita chini kwa maandishi, asiyeona anabaki na lugha asiyoijua.

Na wasimulizi tunao, tena wa siku nyingi. Waliokaa kwenye vibanda vya video Tanzania wanamkumbuka Lufufu, sauti yake ikipita juu ya filamu za kigeni, akitafsiri, akieleza, akitia chumvi yake. Hakuwa akiwalenga wasioona, lakini ufundi wa kusema juu ya picha bila kumpotezea mtu hadithi aliuonyesha hadharani. Wenye vituo wawatafute warithi wake, wawalipe, wawakabidhi tamthilia za usiku. Wauza ving'amuzi nao waanze na kitu kidogo tu: kitufe kimoja kwenye rimoti, kinachopapasika, cha kukifanya king'amuzi kiseme.