Watoto wa Upande wa Reli: Kelele, Fikra na Kumbukumbu



Jioni hii naomba tuanzie New York, kwenye shule ya msingi iitwayo PS 98, kaskazini mwa Manhattan. Miaka ya 1970 treni zilipita kwenye reli ya juu, jirani kabisa na jengo la shule, kila baada ya dakika nne na ushee. Treni ikipita, mwalimu wa upande wa reli ama alipaza sauti, ama alinyamaza akingoja. Upande wa pili wa jengo hilohilo masomo yaliendelea kwa utulivu. Mwanasaikolojia Arline Bronzaft na mwenzake Dennis McCarthy walilinganisha alama za kusoma za pande zote mbili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1975 yalionyesha kuwa watoto wa darasa la sita wa upande wa reli walikuwa nyuma kwa karibu mwaka mzima.

Dakika za kufundishwa zilipotea, ndiyo, lakini si hizo tu. Mwaka 1973 Sheldon Cohen, David Glass na Jerome Singer walikuwa wamepima watoto wa maghorofa yaliyojengwa juu ya barabara kuu, papo hapo Manhattan. Waliokaa ghorofa za chini kwa miaka kadhaa walishindwa zaidi kutofautisha maneno yanayokaribiana kwa sauti, kama huku kwetu mtoto angechanganya pata na bata, na kusoma kwao kulidorora. Mtoto anayeishi ndani ya kelele hujizoeza kutosikiliza, na mazoea hayo humfuata hadi mbele ya mwalimu.

Kumbukumbu nayo ina udhaifu wake. Tunaposhika namba ya simu au kusoma neno geni, tunalirudiarudia kimoyomoyo. Maneno ya watu wengine huvuruga urudiaji huo hata tusipoyaelewa: mwaka 1976 Colle na Welsh waliwasikilizisha Wamarekani Kijerumani wasichokijua, na uwezo wao wa kukumbuka orodha ya herufi ukashuka.

Lakini jaribio ninalolithamini kuliko yote ni la Glass na Singer. Waliwapigia watu kelele za ghafla, zisizotabirika. Baadhi walipewa kitufe cha kuzizima, wakaombwa wasikitumie isipokuwa wamelazimika. Kelele zilipokwisha, wote wakapewa kazi ya kusahihisha maandishi na mafumbo yasiyo na jibu. Wasio na kitufe walikosea zaidi na kukata tamaa mapema. Wenye kitufe walistahimili, ingawa hawakukigusa. Basi kinachomchosha mtu si ukubwa wa sauti peke yake. Ni kujua kwamba hana la kufanya. Mwili hukaa tayari kwa hatari, homoni za msongo hupanda, usingizi hukatika, na unyonge hujenga makazi. Tukizungumzia afya ya akili, naona mzizi uko hapo, japo ushahidi kuhusu sonona haujawa na uzito sawa na ule wa kusoma na kumbukumbu.

Sasa habari njema, na ndiyo iliyonileta hapa. Reli ya PS 98 iliwekewa mipira ya kupunguza mtikisiko, na madarasa yakawekewa dari ya kunyonya sauti. Bronzaft alipopima tena, akachapisha mwaka 1981, pengo lilikuwa limetoweka. Mjini Munich, uwanja wa ndege wa zamani ulipofungwa mwaka 1992, kumbukumbu na usomaji wa watoto waliouzunguka vilirejea. Watoto waliokuwa karibu na uwanja mpya, ndege zilikohamia, wakaanza kudidimia.

Sheria tunazo: Kenya ina kanuni za kelele za mwaka 2009, Tanzania za mwaka 2015. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza darasa lisizidi desibeli 35 wakati wa masomo. Lakini nenda darasa lolote lenye paa la bati lisilo na dari, mvua ikianza. Mwalimu huweka chaki mezani, huelekeza kwa ishara ya mkono, na wa nyuma hawasikii kitu hadi mvua iishe. Hakuna mtoto mwenye kitufe hapo.

Ninaomba dari iandikwe kwenye makadirio ya kila darasa jipya, mstari mmoja na bati na saruji, na fedha zikipungua isiwe ya kwanza kufutwa.