La vie est belle, filamu yetu ya Noeli

Noeli na Bonane ziko mlangoni, na mtu yeyote wa Salamabila, hapa Kabambare, anajua vibanda vya video vitaonyesha nini usiku wa tarehe 24. Wachimba dhahabu watatoka mashimoni mapema, wataoga, watavaa nguo za kusafiria, na wakishakula wali na kuku watajaza benchi mpaka ukutani. Jenereta itanguruma. Kisha zitaanza risasi: Rambo, Chuck Norris, na wenzao, mpaka alfajiri.

Juzi kijana mmoja alinibishia kwamba filamu ya Noeli ni ile tu ambayo hadithi yake inatokea siku ya Noeli. Akanitajia Die Hard, ile tunayoifahamu kwa Kifaransa kama Piège de cristal. Ni kweli, Bruce Willis anapigana na majambazi ndani ya ghorofa la Los Angeles usiku wa mkesha. Lakini ilitoka Julai 1988, na mimi tarehe hainitoshi. Sisi wa Kabambare tumekimbia milio ya kweli ya bunduki. Mwaka 2019 hata mgodi wa Namoya, hapa jirani, ulisimamisha kazi kwa sababu ya usalama mbovu. Mama aliyelala porini na watoto mgongoni hahitaji kuletewa risasi nyingine usiku anapoomba amani.

Basi nikamwambia kijana yule habari ya filamu ya zamani zaidi, ya mwaka 1946, ya Frank Capra. Kwa Kifaransa inaitwa La vie est belle. Sehemu kubwa yake haina Noeli: ni maisha ya George Bailey, mtu anayeendesha chama kidogo cha akiba na mikopo mjini kwao. Usiku wa mkesha dola 8,000 za chama zimepotea, naye anasimama darajani akitaka kujitupa mtoni. Malaika anamzuia. Akirudi nyumbani, majirani wanaingia mmoja mmoja na pesa mikononi, kila mtu na alichonacho. Aliyewahi kuwa kwenye likelemba, ule mchango wa pesa wa kupokezana kwa zamu, atamwelewa mtu huyo bila kutafsiriwa.

Tena sikilizeni jambo hili. Ilipotoka, filamu hiyo haikurudisha gharama zake. Mwaka 1974 haki zake hazikuandikishwa upya, na televisheni za Marekani zikaanza kuionyesha kila Desemba bila kulipa. Familia zikaitazama mwaka huu, mwaka ujao, mpaka watoto wakakua wakiamini Noeli haijafika kama haijaonyeshwa. Watu ndio walioipa filamu hiyo sikukuu yake.

Na sisi tunayo yetu, yenye jina lilelile. La vie est belle ya mwaka 1987, ya Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu, pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy. Anayecheza Kourou ni Papa Wemba, mtoto wa Lubefu, huko Sankuru kwa majirani zetu. Kourou anatoka kijijini, anafika Kinshasa akitaka kuwa mwanamuziki, anaishia kuwa boyi nyumbani kwa tajiri. Anampenda Kabibi, na tajiri naye anamtaka Kabibi huyohuyo. Mwishoni boyi yule anasimama jukwaani na kuimba. Ni vijana wangapi hapa waliacha kijiji wakifuata dhahabu jinsi Kourou alivyofuata muziki?

Haina hori wala nyota ya Bethlehemu, nakubali. Ndiyo maana inaweza kuketisha benchi moja Mkristo na ndugu yake Mwislamu, na katika Maniema yetu hao mara nyingi wamezaliwa tumbo moja. Watoto watacheka, wazee watamtambua Papa Wemba akiwa bado kijana, na hakuna atakayeshtuka kwa mlio wa bunduki.

Kwa hiyo wewe mwenye kibanda cha video, kama redio yako imefunguliwa: mwaka huu itafute filamu hiyo. Iweke saa kumi na mbili jioni, kabla watoto hawajasinzia. Na mwaka ujao, tarehe ileile, iweke tena.