Wizi Usio na Yowe

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wafanyabiashara wa mjini katika ukumbi wa mandir, Mpwapwa, jioni ya kilele cha maadhimisho)



Kamati imeniomba nizungumze juu ya usalama wa nafsi na mali zetu. Nadhani walitarajia nizungumzie kufuli. Juu ya kufuli nina maneno machache: msimu wa Diwali wezi wanajua kwamba nyumba zetu ni tupu na sisi sote tuko hapa tukiimba. Basi abaki mtu nyumbani, taa ya nje iwake, na mauzo ya siku yasilale dukani. Hayo mnayajua. Nililokuja kusema ni jingine, nalo limenigharimu.

Mji wetu huu ulikuwa kituo cha misafara kabla ya kuwapo reli. Msafara uliotoka pwani ulipumzika hapa, ukajaza maji, kwa sababu mbele ya Chunyo ilikuwapo Marenga Mkali, nyika isiyo na maji, na baada yake Ugogo, ambako watemi walitoza hongo. (Hongo wakati huo ilikuwa ushuru wa njia, uliotolewa hadharani, neno hilo limeharibikia mikononi mwetu baadaye.) Wasafiri wachache hawakuthubutu kwenda peke yao, walisubiri wengine, wakaungana. Wenyeji wetu Wagogo nao walijenga tembe kwa busara hiyo hiyo: nyumba ndefu za paa bapa zikizunguka ua, ng'ombe katikati, watu pande zote, hata mwizi wa mifugo asiweze kupita bila kuamsha ukoo mzima.

Wazee wetu kutoka Kutch na Kathiawar walikuja na kinga yao, nayo ni hundi. Mfanyabiashara aliyetaka kulipa deni la mbali hakubeba rupia. Alipeleka karatasi, na mwenzake akalipa kule mwisho wa safari. Fedha isiyosafiri hainyang'anywi njiani. Neno hilo limeingia katika Kiswahili pamoja na duka na bima, nami huona fahari kidogo nikilisikia benki.

Sisi wa umri wangu tunakumbuka sungusungu walivyoanza huko Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, hata Bunge likawatambua kwa sheria ya mwaka 1989. Walikosea pia, tena vibaya. Vikongwe waliitwa wachawi wakateswa. Lakini msingi wao ulikuwa mmoja na ulikuwa mwema: anayeibiwa hupiga yowe, na anayelisikia yowe ni lazima atoke. Asiyetoka alitozwa faini.

Sasa sikilizeni yaliyonipata. Tangu mwaka 2008 simu imekuwa hundi yetu mpya, na mimi niliipokea kwa moyo wote. Jioni moja, nikiwa nafunga hesabu, uliingia ujumbe kwamba nimepokea shilingi 450,000. Kabla sijavua miwani, simu ikalia. Sauti ya mwanamume, yenye adabu kabisa, ikaniita mzee wangu, ikasema fedha ile ilikuwa ya matibabu ya mtoto na imekosea njia kwa tarakimu moja. Mtoto yuko hospitalini, daktari anasubiri. Nikarudisha shilingi 450,000. Baadaye ndipo nilipotazama salio na kuona kwamba hakuna fedha iliyoingia hata senti. Ujumbe ule ulitoka kwa namba ya kawaida ya mtu. Kampuni haikuhusika nao.

Nilifanya nini? Nilinyamaza. Nilikuwa mweka hazina wa mandir hii, nikaogopa kuulizwa vipi mtu anayetunza vitabu vyetu amedanganywa kama mtoto. Hata mke wangu sikumwambia. Yeye anasikia habari hii leo pamoja nanyi, na naona anavyonitazama.

Wiki tatu baadaye, mama anayeuza mboga kwenye baraza ya duka langu alipokea ujumbe kama ule na simu kama ile. Alituma shilingi 120,000, fedha ya upatu, ambayo haikuwa yake peke yake. Lakini yeye hakunyamaza. Alilia kwa sauti, akaeleza neno kwa neno, mtaa mzima ukatoka. Jioni ile ile fundi cherehani wa jirani alipigiwa simu na mtu mwenye mtoto hospitalini, akacheka, akakata. Yowe la mama yule lilimwokoa fundi. Yowe langu lingemwokoa mama yule.

Nilimwendea juzi nikamweleza yote. Alipanga nyanya zake kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mzee, ungesema." Hakuongeza neno. Upatu ule nimeulipa, lakini sikulipa yale majuma ambayo wenzake walimtilia shaka.

Basi, kwa uchache. Tazameni salio lenu kwa njia ya kampuni yenyewe, msiuamini ujumbe. Aliyekosea kutuma aende kwa kampuni yake, nayo itashughulika bila wewe kurudisha kitu kwa mkono wako wala kutaja namba yako ya siri. Ujumbe wa kitapeli upelekeni namba 15040, iliyotengwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Kisha pigeni *106# mwone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chenu. Laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, na zisizohakikiwa zilianza kufungwa Januari 2020, ila alama ya kidole cha bibi asiyejua kusoma huweza kuchukuliwa mara mbili na kijana mjanja barabarani.

Nimetundika ubao mweusi kwenye baraza ya duka. Kila atakayepigiwa simu ya aina hii, awe ametapeliwa au ameponea, aandike maneno aliyoambiwa. Namba tusiandike, maana inaweza kuwa imesajiliwa kwa jina la mtu asiye na hatia. Hiyo ni kazi ya polisi. Asiyejua kuandika amwambie kijana wangu wa kaunta. Mstari wa kwanza nimeuandika mwenyewe asubuhi ya leo, pamoja na jina langu na kiasi nilichopoteza.