Tulipofunga Tukiwa na Deni

Leo twataka kuzungumza juu ya kufunga na kuomba.

Wengi wetu hufunga tukiwa na haja. Mmoja anatafuta kazi, mwingine anamwombea mtoto aliye katika mtihani, mwingine ana mgonjwa nyumbani. Hayo si mabaya. Ezra na watu wake walifunga kando ya mto Ahava wakimwomba Mungu awalinde njiani, maana Ezra aliona haya kumwomba mfalme askari. Na Bwana Yesu alipofundisha mlimani, alinena nasi kama watu ambao bila shaka watafunga. Basi hatuulizi kama yatupasa kufunga. Twauliza, je, njaa hiyo inatupeleka wapi?

Mwaka mmoja kanisa letu lilitenga siku tatu za kufunga, Jumatano hadi Ijumaa, kabla ya mkutano wa uamsho. Sisi nyumbani mwetu tulikubali kwa furaha. Tulipatana kwamba tutakunywa maji tu tangu asubuhi hata jua lichwe, na saa ya chakula cha mchana tutakuwa tumepiga magoti.

Siku ya kwanza ilipita vizuri. Siku ya pili, kufika saa sita, vichwa vilituuma. Harufu ya maharagwe ikatujia kutoka kwa jirani. Mtoto akamwaga maji kidogo sakafuni, nasi tukamkemea kana kwamba ameteketeza nyumba. Tukatazamana. Hasira hii imetoka wapi? Njaa haikuileta. Njaa ilifunua tu mfuniko, na kilichokuwa ndani ya chungu kikaonekana.

Alasiri hiyo alipita langoni kibarua aliyetupalilia mahindi. Alikuwa amefanya kazi kwa siku sita, kwa ujira tuliopatana naye, lakini kazi ilipokwisha tulimwambia angoje mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulipofika kulikuwa na karo ya shule, tukamwambia angoje tena. Miezi miwili ilikuwa imepita. Naye hakuwa mtu wa kelele.

Alitusalimu akasema, "Hamjambo hapa? Naona leo jikoni hakuna moshi. Kuna mgonjwa?"

Tukamjibu, na twakiri kwamba tulijibu kwa majivuno kidogo, "La, sisi ni wazima. Tumefunga, tunaomba."

Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi mnikumbuke na mimi katika maombi hayo. Jana watoto wangu walilala na chai ya rangi tu." Akaaga, akaenda zake.

Ndugu wasikilizaji, mtu yule hakutudai. Hakutaja hata senti moja. Alitaka maombi tu. Tulirudi ndani tukapiga magoti, na maneno hayakuja. Twawezaje kumwomba Mungu amlishe mtu ambaye chakula chake tumekikalia sisi wenyewe? Na jambo lililotuchoma zaidi ni hili: fedha zilikuwapo. Zilikuwa ndani ya mkebe kabatini, tulizokuwa tumeziweka kwa sadaka ya mkutano. Tulikuwa tayari kumtolea Mungu ujira wa kibarua na kuuita sadaka yetu.

Tulifungua kitabu cha Isaya, sura ya 58. Watu wa wakati ule walilalamika kwamba wamefunga na Mungu hataki kuona. Mungu akawaonyesha kwamba siku ile ile ya kufunga walikuwa wakiwaonea watu waliowafanyia kazi. Saumu aliyoitaka yeye ilikuwa kumwachilia aliyeonewa na kumgawia mkate mwenye njaa. Tukasoma tena katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, kwamba maskini aliyeajiriwa alipwe siku ile ile, kabla ya jua kuchwa, maana moyo wake unautegemea ujira huo. Tukatazama dirishani. Jua lilikuwa bado juu ya miti. Sisi tulikuwa tukilingojea lichwe ili tupate kula, na Neno la Mungu likatuambia lisichwe kabla mtu yule hajapewa haki yake.

Tukauchukua mkebe tukaenda kwake. Njiani tulikuwa tumeandaa maneno mengi ya kujieleza juu ya karo, lakini tulipowaona watoto wameketi mlangoni tuliyaacha. Tulimlipa siku zote sita, tukamwomba msamaha. Alizihesabu fedha, akasema, "Asanteni," akamtuma mtoto mkubwa akimbilie dukani kununua unga. Hapakuwa na zaidi ya hayo. Hatukusikia sauti kutoka mbinguni. Lakini jioni ile, tulipokwisha kunywa uji wetu, tuliomba maombi mafupi, nayo yalikuwa ya kweli. Na siku ya mkutano sadaka yetu ilikuwa ndogo, lakini hatukuona haya kuitoa.

Wazee wetu katika imani walilijua jambo hili. Uamsho uliotoka Gahini huko Rwanda katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda na kufika kwetu Kenya, haukujulikana kwa nyimbo peke yake. Watu waliotubu walirudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni, wakawaendea waliowakosea na kuungama. Hata jirani asiyeingia kanisani aliweza kuuona wokovu huo kwa macho yake, kwa kuwa mali yake ilimrudia mkononi.

Na zamani za Yona ilikuwa vivyo hivyo. Watu wa Ninawi walifunga, wakubwa kwa wadogo, hata wanyama wao walivikwa magunia. Lakini Maandiko yanapotuambia Mungu aliona nini, hayataji magunia. Yanasema aliyaona matendo yao, jinsi walivyoiacha njia yao mbaya.

Basi, ikiwa twataka imani yetu ishuke mizizi kwa kufunga na kuomba, tufanyeje?

Kwanza, kabla ya siku ya kufunga, tuketi nyumbani tuulizane: ni nani anayetungojea? Labda ni fundi, labda ni mwuza maziwa, labda ni mama wa mboga aliyetukopesha. Labda si fedha, bali ni ndugu ambaye hatusalimiani naye tangu tulipogombana juu ya mpaka wa shamba. Tuanze kwake.

Pili, saa tuliyoacha kula iwe saa ya Neno na maombi. Tukiijaza kwa kazi na mazungumzo, tutakuwa tumekaa na njaa tu.

Tatu, chakula tulichokiacha mchana tusikiongeze katika sufuria ya jioni. Kipimo kile cha unga kimwendee mwenye kukosa, naye asijulishwe kwamba tumefunga.

Nne, tusiwatwike mzigo wasioweza kuubeba. Mgonjwa wa sukari, mtu anayetumia dawa, mama mjamzito au anayenyonyesha, mzee dhaifu na watoto wadogo, hao wale chakula chao kwa shukrani. Wanaweza kumpa Mungu saa ya maombi wakiwa wameshiba. Yeye hapimi imani ya mtu kwa kutazama tumbo lake.

Labda mmoja wenu anatusikia sasa, naye amefunga tangu asubuhi, na kuna mtu aliyemwambia angoje. Ndugu, tafadhali usingoje mwisho wa maombi. Amka uende. Ukiwa huna fedha zote, peleka ulizo nazo, na useme ukweli juu ya zilizobaki.

Na labda wewe ndiwe uliye na njaa ambayo hukuichagua, nawe wadai ujira wako kwa watu wanaoimba kanisani. Twakuomba radhi kwa ajili yetu sote tulio hivyo. Yakobo aliandika kwamba ujira uliozuiliwa kwa hila hupiga kelele, na kilio cha wavunaji kimefika masikioni mwa Bwana. Basi hata kama sisi tumeziba masikio, yeye amekusikia.

Na tuombe.

Ee Bwana, tulikuja kwako na matumbo matupu, na mikono yetu imeshika mali ya wengine. Utusamehe. Utupe ujasiri wa kwenda kwa yule tunayemkwepa njiani. Umlishe mwenye njaa leo, na ikiwa chakula chake kiko kabatini mwetu, utuinue tukipeleke kabla ya jua kuchwa. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo, Mwokozi wetu. Amina.

Bwana awe nanyi nyote, hadi tutakapokutana tena.