Muheza na Mbu Wasiokufa

Msikilizaji, miaka mingi iliyopita vijiji kadhaa vya Muheza, hapa Tanzania, vilipewa vyandarua vilivyochovywa dawa. Watafiti wetu, pamoja na Chris Curtis, mtaalamu wa jenetiki kutoka London, wakawa wanahesabu mbu na kuwapima watoto damu. Matokeo yale yalisaidia kuishawishi dunia kuhusu chandarua chenye dawa. Basi Muheza ina haki ya kuuliza: mbona leo mbu anatua juu ya dawa, kisha anaruka zake?

Watu husema mbu wamezoea. Mbu huishi majuma machache tu, atazoea saa ngapi? Sugu huzaliwa sugu. Dawa za vyandarua, ndugu za pareto zinazotengenezwa kiwandani, hung'ang'ania tundu la neva linalopitisha sodiamu. Tundu hushindwa kujifunga, mbu akatetemeka, akaanguka. Ikibadilika herufi moja tu katika jeni ya tundu hilo, dawa haishiki sawasawa. Badiliko la namna hiyo katika mbu wa Kenya lilitangazwa mwaka 2000. La Afrika Magharibi nalo limeshaonekana Tanzania. Na kwa kuwa DDT hupiga palepale, mbu huyo huikwepa pia. Wengine wana vimeng'enya vya kuivunjavunja sumu kabla haijafika.

Kipimo chake ni rahisi. Mbu majike wapatao 25 huingizwa kwenye bomba lenye karatasi ya dawa kwa saa moja. Huhamishiwa bomba safi, wakapewa pamba yenye maji ya sukari, wakaachwa hadi kesho yake. Wakifa chini ya asilimia 90, huo ni usugu.

Tunaowachuja mbu hawa hadi wabaki sugu ni sisi wenyewe. Dawa za jamii moja na zile za vyandarua zimo kwenye makopo ya dukani, kwenye koili za kuchoma, hata kwenye pampu ya mkulima wa nyanya. (Mabaki ya pampu huoshewa wapi? Mtaroni, mbu anakozaliana.) Wanyonge hufa, wachache wenye herufi ile hutaga. Halafu kikao cha malaria kinaitishwa bila bwana shamba! Mimi naona hapo ndipo tunapokosea.

Vipo vyandarua vilivyoongezwa PBO, kemikali inayozuia vimeng'enya vile. Majaribio ya wilayani Muleba, yaliyochapishwa 2018, yalionyesha vinakinga zaidi ya vya kawaida. Herufi iliyobadilika, PBO haiigusi. Kwa hiyo ukipewa chandarua kipya, soma lebo yake uone kama kina PBO, na kikitoboka, ziba matundu yake kabla hujalala: wavu mzima humzuia hata mbu sugu.