Mbwa Mkali Getini: Pitbull, Mnyororo na Wajibu wa Mwenye Nyumba

Mada iliyoandaliwa kwa ajili ya semina ya maafisa mifugo, wafugaji wa mbwa na viongozi wa mitaa

Kuanzia Mikocheni, Dar es Salaam, hadi South B, Nairobi, kibao cha getini ni kilekile: bati jeupe, rangi nyekundu, maneno mawili, Mbwa Mkali. Mwenye nyumba hajaandika jina la mbwa wake, wala hajaandika kama amechanjwa. Ametangaza ukali tu, kwa sababu ukali ndio alioununua. Na siku hizi anayetaka kununua ukali huulizia pitbull.

Waandaaji wa semina waliomba mambo mawili yaelezwe: hulka ya pitbull, na namna ya kumfuga kwa uwajibikaji akiwa mbwa wa familia. Sehemu ya kwanza inajulikana kwa wengi waliomo ukumbini, kwa hiyo itapitiwa mbiombio.

Pitbull alizaliwa Uingereza, kwa kupandisha mbwa wa kupambana na fahali na mbwa wadogo wepesi wa kuwinda wanyama wa mashimoni. Mchezo wa kuwaachia mbwa fahali ulipigwa marufuku mwaka 1835; washabiki wakahamia kwenye mapigano ya mbwa kwa mbwa, ambayo ni rahisi kuyaficha. Wahamiaji waliwavusha mbwa hao hadi Marekani. Mwaka 1898 Chauncey Bennett alianzisha United Kennel Club, na mbwa wa kwanza kuandikishwa alikuwa wake mwenyewe, pitbull. American Kennel Club ilimpokea ndugu wa pitbull mwaka 1936 kwa jina la Staffordshire Terrier, ikaongeza neno American mwaka 1972. Dume halisi aliyekomaa ana kilo 16 hadi 27 hivi. Majitu ya kilo 50 yanayouzwa kwa jina la pitbull ni Bully, aina iliyotengenezwa baadaye. Na habari ya taya zinazojifunga kama kufuli haina ukweli: mfupa wa taya lake ni kama wa mbwa mwingine yeyote.

Kuhusu hulka, kuna jambo moja linalowashangaza wanunuzi. Kigezo rasmi cha United Kennel Club kinamweleza pitbull kuwa ni mbwa anayewapenda watu mno, wageni wakiwemo, na kwa sababu hiyo hafai sana kwa ulinzi. Ukali dhidi ya binadamu kinauhesabu kuwa kasoro. Papo hapo kinakiri kwamba wengi wao wana kiasi fulani cha ukali kwa mbwa wenzao. Mambo haya mawili yana mzizi mmoja. Katika uwanja wa mapigano mwenye mbwa aliingia kati na kumnyanyua mbwa wake kwa mikono, damu zikiwa zinatiririka. Mbwa wa kumng'ata bwana wake hakuwa na faida kwake.

Basi anayemnunua pitbull ili awe askari amenunua mbwa asiyependa kazi hiyo. Inabidi amfundishe kuichukia dunia, na chombo anachotumia, mara nyingi bila hata kujua kwamba anafundisha, ni mnyororo. Hilo ndilo tatizo ambalo mwandishi wa mada hii, daktari wa mifugo, amekuwa akipambana nalo kwa miaka, na ndilo litakalochukua sehemu kubwa ya muda uliobaki.

Wahudhuriaji wengi wameiona nyumba ya namna hii. Nyuma, karibu na tangi la maji, mbwa amefungwa kwenye shina la mwembe kwa mnyororo wa mita mbili. Nyasi za ua mzima ni kijani, ila kuzunguka mwembe kuna duara la vumbi, limechorwa sawasawa kama kwa bikari, na nusu ya upana wake ni urefu wa mnyororo. Ukosi umekula manyoya ya shingo. Dada wa kazi anamsukumia sufuria ya ugali na vichwa vya dagaa kwa ufito wa mpera, kisha anarudi kinyumenyume. Watoto wamekatazwa kusogea. Baba, aliyemleta akiwa na miezi miwili ndani ya boksi la viatu, sasa humwona kupitia kioo cha gari. Saa nne usiku anafunguliwa; alfajiri anafungwa tena, na wa kumfunga ni mlinzi mmoja tu, kwa kuwa ndiye pekee anayeweza kumshika. Mlinzi huyo akiacha kazi, nyumba inabaki na mnyama ambaye hakuna anayemjua.

Ukimuuliza mwenye nyumba, atasema ana mbwa wa familia. Hana. Ana mbwa anayeishi karibu na familia, na tofauti hiyo ndiyo inayoua watu.

Hayo si maoni ya mtu mmoja. Mwaka 2013 Gary Patronek na wenzake walichapisha uchambuzi wa vifo 256 vilivyosababishwa na mbwa nchini Marekani kati ya 2000 na 2009. Katika asilimia 76.2 ya vifo hivyo, mbwa walikuwa wamewekwa mbali na maisha ya watu, hawana mazoea mema ya kila siku na binadamu. Katika asilimia 84.4 hawakuwa wamehasiwa. Katika asilimia 87.1 hapakuwa na mtu mzima mwenye nguvu karibu wa kuingilia kati. Asilimia 80.5 ya vifo vilikuwa na sababu nne au zaidi za aina hiyo kwa pamoja. Aina ya mbwa yenyewe iliweza kuthibitishwa katika vifo 45 pekee. Takwimu hizi ni za ng'ambo, lakini anayezisoma akiwa na picha ya mwembe ule kichwani haoni ugeni wowote.

Haifai pia kuficha upande wa pili. Uchunguzi mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2000 na kuhusu vifo 238 vya miaka ya 1979 hadi 1998, uliwataja pitbull na Rottweiler katika zaidi ya nusu ya vifo hivyo. Hata pale jina la mbwa linapokosewa, mbwa mwenye misuli, asiyeachia haraka, huumiza kuliko mbwa koko mwoga. Mwezi Novemba 2022 mtoto wa miaka minane aliuawa na pitbull mjini Bloemfontein, Afrika Kusini, na vifo vingine vya watoto vilitokea miezi hiyohiyo. Saini zaidi ya 100,000 zilikusanywa kudai marufuku, na baadhi ya wafugaji wakawasalimisha mbwa wao kwa vyama vya ustawi wa wanyama. Hofu ile ilikuwa na haki yake. Anayefuga pitbull hana nafasi ya uzembe ambayo mwenzake mwenye mbwa wa kilo nane anaweza kuponea.

Mnyororo huanza kazi yake mapema sana. Mtoto wa mbwa hujifunza ni nani rafiki na ni kitu gani cha kawaida kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi. Baada ya hapo, kila kigeni huanza kuwa tishio. Wenye mbwa wengi humpokea akiwa na wiki nane, humficha bandani hadi chanjo zote ziishe, kwa hofu ya ugonjwa wa parvo, kisha humtoa akiwa na miezi minne. Dirisha limeshafungwa. Lawama hii inawahusu pia madaktari wa mifugo, ambao kwa muda mrefu wametoa ushauri huo bila kufikiria upande wa tabia. Wiki moja baada ya chanjo ya kwanza anaweza kubebwa mikononi, bila kukanyaga udongo wa njiani, apelekwe akaone bodaboda, mwanamke mwenye mtungi, mzee wa mkongojo, watoto wa shule wanaopiga kelele. Dakika kumi kila siku, kwa wiki nne, zina thamani kuliko mnyororo wa kilo tano.

Pwani kuna suala la dini, na halifai kurukwa. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hata hivyo kufuga mbwa kwa ulinzi, uwindaji na kuchunga mifugo kumeruhusiwa. Mbwa anaweza kubaki nje ya nyumba, akawa na chombo chake, kivuli na uzio wake, na bado akazungumzishwa, akatembezwa na kujua majina ya watu wa nyumba. Usafi wa ibada haujamlazimisha mtu yeyote kumsahau mbwa juani.

Je, mbwa aliyeharibiwa anaweza kurekebishwa? Mwaka 2007 polisi walikuta pitbull wapatao 50 katika shamba la mchezaji mpira wa Marekani Michael Vick, kaunti ya Surry, Virginia, walikokuwa wakipiganishwa. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuwaua wote. Safari hii walipimwa mmoja mmoja na wataalamu, na ni mmoja tu aliyeuawa kwa sababu ya ukali. Kituo cha Best Friends huko Utah kilipokea 22. Wengine walienda kwa vikundi vya kuwatunza na kutafutiwa nyumba, na kuna walioishia kulala sebuleni pamoja na watoto. Lakini mahakama iliamuru wawili wasitoke Utah maisha yao yote, na Vick alitozwa zaidi ya dola 900,000 za kuwatunza. Kurekebisha kunawezekana kwa mbwa aliyepimwa peke yake, na ni ghali. Kwa familia ya kawaida, kinga ndiyo pekee inayolipika.

Watunga sheria hupenda njia fupi ya kupiga marufuku jina. Uingereza ilifanya hivyo mwaka 1991 kwa aina nne, pitbull akiwemo. Zaidi ya miaka thelathini baadaye ikalazimika kumwongeza XL Bully, ambaye tangu Februari 2024 hafugwi England na Wales bila cheti maalumu. Denver ilipiga marufuku mwaka 1989, na wapiga kura wakaiondoa mwaka 2020. Ugumu mmoja ni kumtambua mhusika: katika vituo vinne vya kutunza mbwa Florida, wafanyakazi waliwaita karibu nusu ya mbwa 120 kuwa wa jamii ya pitbull, vinasaba vikathibitisha 25. Calgary, Kanada, ilichagua kumshika mwenye mbwa: leseni kwa kila mbwa, ada ndogo kwa aliyehasiwa, faini kwa mzembe. Njia hiyo ndiyo mwandishi anayoiunga mkono.

Mapendekezo yafuatayo yamewahi kutolewa katika vikao vya aina hii, na yatarudiwa hadi yafanyiwe kazi. Mnyororo wa mchana kutwa ukomeshwe. Badala yake uwepo uzio au banda lenye nafasi ya kutembea, maji na kivuli. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 na Kenya ina sheria yake ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Maafisa wasisubiri sheria mpya ili waanze kukagua nyuma ya nyumba. Muuzaji asimtoe mtoto wa mbwa kabla ya wiki nane, na amwonyeshe mnunuzi mama yake, kwa sababu mama anayetetemeka au kurukia watu ni taarifa tosha. Asiye na mpango wa kuzalisha amhasi dume na kumfunga kizazi jike. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata kwa muda wa kufuata chumvi jikoni. Pitbull asiwekwe na mbwa mwingine wa jinsia yake bila uangalizi, na njiani atembee kwa kamba fupi mkononi mwa mtu mzima, akiwa na kifunga mdomo alichozoeshwa tangu udogoni. Watu wawili au watatu wa nyumba waweze kumshika, kumfungua mdomo na kumpeleka kwa daktari. Na tena, mnyororo ukomeshwe.

Pendekezo la mwisho linahusu siku ya chanjo. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa. Kampeni inapofika mtaani, watoto huja na mbwa wao wamewafunga kamba ya katani. Mbwa wa mwembeni haji, kwa sababu hakuna wa kumleta. Aliye hatari zaidi kwa meno ndiye anayebaki bila chanjo, na daftari la kata halionyeshi kwamba yupo.

Maafisa mifugo mliomo ukumbini, kampeni ijayo ongezeni safu moja katika daftari hilo: nani katika nyumba hii anaweza kumshika mbwa huyu? Nyumba itakayojibu hakuna, ifikeni siku hiyohiyo kabla jua halijazama.