Uhuru wa Jubilii



Katika Torati, mwaka wa jubilii baragumu lilipigwa, naye aliyejiuza kwa ufukara akarudi kwao huru. Jambo hilo si geni kwetu. Yapata mwaka 1836 njaa kuu iliingia Uzigua. Watu waliteremka pwani. Wengine wakajiuza wapate chakula, wengine wakahadaiwa, wakapakiwa majahazini hata Benadiri. Huko wengi walitoroka kwa nguvu zao, wakajifanyia makao msituni kando ya mto Juba. Na vita vilivyoanza mwaka 1991 vilipowafukuza wajukuu wao, baadhi walirudi papa hapa Handeni, wangali wakisema Kizigua.

Basi bwana wa mwilini aweza kukimbiwa. Bali dhambi imo ndani yake mkimbiaji: aendako huenda nayo, alalapo hulala nayo. Ndiyo sababu mtu hufunga, hutoa, huapa, na asubuhi huikuta hasira ile ile yamngoja mlangoni. Mimi nami nimejihesabia mema yangu miaka mingi, nikachoka, wala deni halikupungua.

Hatudharau kufunga wala sadaka. Lakini hizo ni kazi za aliyekwisha kukombolewa, si fedha ya kujikomboa. Fedha ililipwa Msalabani, nasi twaipokea kwa imani tu. Ndugu yangu, utue mzigo ambao bwana wako wa kale hana haki tena kukutwisha, ukarudi kwa Baba yako.